Rivolva ya Webley kwenye kasha la marehemu: uchambuzi wa kisa cha mirathi mwambao wa Tanga

Usuli

Marehemu alifariki akiwa amevuka miaka 80, katika kijiji kimoja cha mwambao wa Mkoa wa Tanga. Aliacha mjane, watoto, nyumba, minazi, shamba la michungwa na kasha la mvule ambalo ufunguo wake hakuwahi kumpa mtu. Majina, kijiji na namba ya silaha nimeviondoa.

Kasha lilifunguliwa baada ya arobaini, mbele ya ndugu, ili msimamizi wa mirathi aorodheshe vilivyomo. Msimamizi ni mtoto wa kiume mkubwa. Juu palikuwa na kanzu, joho na vitabu. Katikati palikuwa na bahasha za karatasi za zamani ambazo siku hiyo hakuna aliyezitazama. Chini kabisa palikuwa na kipande cha turubai kilichofungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake bastola ya silinda, yaani rivolva, nzito, imeganda mafuta meusi, mtutu una kutu.

Hadithi ya bastola ilikuwepo kabla bastola yenyewe haijaonekana. Wajukuu waliita "bastola ya Mjerumani". Mtoto wa pili wa marehemu alikuwa na hadithi ndefu zaidi: babu yake, aliyekuwa askari wa jeshi la Kijerumani, alimnyang'anya afisa wa Kiingereza bastola hiyo katika vita vya Tanga, Novemba 1914, pale kikosi kilichotoka India kilipojaribu kuuteka mji na kurudishwa baharini. Ni hadithi nzuri, na Tanga ndiko mahali pake. Mji ule bado una makaburi ya vita hivyo, na wazee wengi wana ndugu aliyekuwa upande mmoja au mwingine.

Niliingia katika jambo hili kwa sababu huwa nasaidia familia kuorodhesha na kukadiria vitu vya kale vya mirathi: milango ya nakshi, sarafu, vyombo vya shaba. Msimamizi alitaka mambo mawili, ajue ni bastola gani na ina thamani gani, ili iingie kwenye hesabu ya mgawo.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Kwanza bastola ilipita mikononi mwa watu. Kila aliyekuwepo aliishika, vijana wakapiga picha, picha zikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hakuna aliyeangalia kama ndani mna risasi, kwa kuwa kila mtu aliamini kitu cha zamani hivyo kimekwisha kufa.

Usiku huohuo mtoto wa pili, kwa nia njema kabisa, aliisugua kwa msasa na mafuta machafu ya gari ili "iuzike". Alipomaliza, upande mmoja wa fremu ulikuwa unang'aa kama sufuria jipya.

Kesho yake zilianza kuja bei. Mjukuu aliyeko Marekani alituma picha ya Webley (rivolva ya Kiingereza) iliyouzwa mnadani kwa maelfu ya dola. Binamu aliyeko Uingereza alituma bei nyingine, ya chini zaidi, kutoka kwa muuzaji wa vitu vya vita. Halafu mtu asiyejulikana, aliyezipata picha kupitia jamaa wa jamaa, akapiga simu akitaka kununua kwa fedha taslimu, bila karatasi, na akataka apelekewe Dar es Salaam.

Simu hiyo ndiyo iliyomtisha msimamizi, na hapo akanitafuta. Nilimwomba afanye mambo matatu siku hiyohiyo: airudishe bastola ndani ya kasha bila kuivuta nyundo wala kujaribu kuifungua, afunge chumba, na aende kwa mwenyekiti wa kijiji ili wote wawili watoe taarifa polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni yake, na mrithi asiye na leseni hawezi kukaa nayo akisubiri mgawo. Ndugu wawili walipinga. Waliogopa kwamba taarifa itageuka kesi. Msimamizi alishikilia msimamo wake, na nadhani huo ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyofanyika.

Polisi walikuja wenyewe kuichukua. Hakuna aliyekamatwa. Kituoni, askari anayetunza ghala la silaha aliifungua mbele yetu. Kati ya matundu sita ya silinda, mawili yalikuwa na risasi nzima. Moja ilikuwa na kibonyeo kidogo katikati ya kitako chake, yaani iliwahi kupigwa na nyundo ikakataa kulipuka. Bastola iliyopitishwa sebuleni, mbele ya watoto wa miaka saba na minane, ilikuwa na risasi ndani muda wote ule.

Kuitambua

Nilipewa nafasi ya kuitazama pale kituoni, ikiwa imeshatolewa risasi, nikiwa na rula, tochi na kioo cha kukuzia.

Dai la "Mjerumani" lilianguka mara bastola ilipofunguliwa. Rivolva rasmi ya jeshi la Ujerumani ya zama zile, ile ya modeli za 1879 na 1883, ina fremu nzima isiyokunjika. Risasi huingizwa moja moja kupitia kilango cha pembeni, maganda husukumwa nje kwa kijiti, na ubavuni kuna kiwiko cha usalama. Hii ilikunjika katikati: unabonyeza kitasa kwa kidole gumba, mtutu unainama chini, na nyota ya nyuma ya silinda inayasukuma maganda yote sita kwa pamoja. Huo ni mtindo wa Webley wa Birmingham, na jina la kiwanda lilisomeka kwenye fremu.

Kujua kwamba ni Webley hakutoshi. Jeshi la Uingereza lilizitumia bastola hizi kwa matoleo sita, kuanzia Mark I ya 1887 hadi Mark VI ya 1915, na thamani ya moja hailingani na ya nyingine. Jina "Mark IV" peke yake ni mtego, kwa sababu kuna Mark IV ya mwaka 1899 ya kipenyo (takriban upana wa risasi kwa inchi) cha .455, na kuna Mark IV nyingine, ndogo zaidi, ya .38, iliyotengenezwa miaka ya baadaye. Mtu akikutajia toleo bila kipenyo, muulize tena.

Kwetu dalili zilikubaliana. Mtutu ulikuwa wa inchi 6, sawa na sentimita 15 na kidogo. Mpini ulikuwa wa pembe za mraba, wakati matoleo yaliyoitangulia yana mpini uliojipinda kama mdomo wa ndege. Kilengeo cha mbele, kwenye ncha ya mtutu, kilikuwa kipande cha kubandika kilichoshikwa kwa skrubu. Juu ya fremu palisomeka MARK VI, na ubavuni, upande ambao msasa haukuufikia, mwaka: 1916.

Mwaka huo ulimaliza hadithi ya vita vya Tanga. Mark VI iliidhinishwa kwa jeshi Mei 1915, na vita vile vilikuwa mwanzoni mwa Novemba 1914. Afisa aliyeshuka ufukweni siku zile angeweza kuwa na Mark IV, Mark V, au bastola aliyojinunulia mwenyewe, kwa kuwa maafisa wa Kiingereza walijinunulia silaha zao mradi zitumie risasi za jeshi. Mark VI hakuweza kuwa nayo. Niliieleza familia kwa upole, na nilitenganisha mambo mawili: kwamba babu huyo alikuwa askari, jambo ambalo bastola hii haithibitishi wala haikanushi, na kwamba alitwaa bastola hii siku ile, jambo ambalo haliwezekani. Mtoto wa pili alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa baba aliipata wapi?"

Jibu la kwanza lilikuwa kwenye chuma. Pamoja na mshale mpana wa mali ya serikali ya Uingereza, kulikuwa na mishale miwili iliyoelekeana ncha kwa ncha. Hiyo ni alama ya kuondolewa jeshini na kuuzwa. Karibu nayo kulikuwa na alama za upimaji za Birmingham, zile ambazo silaha hupigwa inapoingia kwenye biashara ya kiraia. Kwa hiyo bastola hii haikuokotwa vitani. Ilitoka jeshini kwa utaratibu, ikauzwa, ikanunuliwa na raia.

Jibu la pili lilikuwa kwa mjane. Alikuwa bado ndani ya eda, na wanaume waliokaa barazani wakibishana kuhusu Mjerumani na Mwingereza hawakufikiria kumuuliza. Binti yake ndiye aliyeingia chumbani akamuuliza.

"Mama, ile bastola ya baba mnaijua ilikotoka?"

"Naijua. Ya mzungu wa mkonge. Baba yenu aliachiwa. Karatasi yake imo kwenye bahasha, mbona hamkuuliza?"

Marehemu aliwahi kuwa karani wa mahudhurio kwenye shamba la mkonge. Ndani ya bahasha ya tatu ilikutwa leseni ya silaha ya enzi ya mkoloni, ya mwaka 1954, kwa jina la kampuni ya shamba, yenye aina ya bastola, kipenyo, na namba iliyolingana tarakimu kwa tarakimu na ile ya kwenye fremu. Pamoja nayo kulikuwa na barua fupi ya meneja ya mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ambapo mashamba mengi ya mkonge yaliingia mikononi mwa serikali. Meneja alikuwa anaondoka. Barua inamtaka karani atunze funguo za ofisi, vitabu vya mishahara "na kile kilichomo kwenye sanduku la chuma" mpaka atakapokuja mhusika wa kukabidhiwa. Mjane alisema mhusika huyo hakuja kamwe. Mzee akakitunza alichoambiwa akitunze, zaidi ya miaka 50.

Kuithamini

Hapa ndipo ugomvi ulipokuwa, kwa sababu bei tatu tofauti zilikuwa zimeshaingia vichwani.

Bei ya mjukuu wa Marekani ilikuwa ya bastola nyingine kabisa. Picha aliyotuma ilikuwa ya Webley-Fosbery, rivolva inayojikoki yenyewe kwa nguvu ya msukumo wa risasi, iliyotengenezwa kwa idadi ndogo mwanzoni mwa karne ya 20. Inatambulika kwa jicho moja: silinda yake imechongwa mifereji ya zigizaga kuizunguka. Ya marehemu ilikuwa na silinda ya kawaida. Mark VI zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwenye soko la Marekani moja yenye rangi yake ya asili huuzwa kwa mamia kadhaa ya dola hadi elfu moja na kitu. Nyingi huko zilipunguzwa chuma nyuma ya silinda ili zitumie risasi za .45 za bastola ya Colt, jambo linaloshusha thamani na ni la hatari, kwa kuwa risasi hiyo ina shinikizo kubwa kuliko lile Webley ilipimwa kulibeba. Ya kwetu haikuguswa hapo.

Mjukuu alikuwa pia na imani kwamba silaha ya miaka mia moja ni "ya kale" kisheria na haina masharti. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaweka mpaka kwenye silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Ya mwaka 1916 iko nje ya mpaka huo. Inahesabiwa kitu cha mkusanyaji, lakini bado ni bunduki mbele ya sheria.

Bei ya binamu wa Uingereza ilikuwa ya Mark VI kweli, ila iliyouawa: mtutu umezibwa, silinda imetobolewa, na cheti kimetolewa. Uingereza ilipiga marufuku bastola karibu zote kwa raia mwaka 1997, na .455 haimo kwenye orodha ya vipenyo vilivyopitwa na wakati, kwa hiyo Mark VI inayofanya kazi haiuzwi hapo dukani kama pambo. Muuzaji alikuwa anauza umbo la bastola pamoja na cheti. Huwezi kuchukua bei hiyo ukaibandika kwenye silaha nzima iliyoko Tanga.

Bei ya tatu, ya mpiga simu, ilikuwa bei ya mhalifu. Mtu wa namna ile hanunui historia. Anachotaka ni bastola inayolipuka na isiyo na jina lake popote.

Kwa mgawo niliandika tathmini ya ukurasa mmoja yenye sehemu mbili. Ya kwanza ilisema: thamani ya soko halali kwa warithi ni sifuri, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao mwenye leseni, hawawezi kuiuza, na hawawezi kuisafirisha. Ya pili ilieleza thamani ya kihistoria bila kuipa fedha: Mark VI ya 1916 yenye namba inayolingana na leseni ya 1954 na barua ya 1967, kutoka shamba linalojulikana. Mkusanyaji yeyote atakwambia Webley zimejaa. Webley yenye karatasi zake, tangu leseni ya shamba hadi mkononi mwa karani wa mkonge, ni chache mno, na uzito huo wote uko kwenye karatasi.

Maamuzi na sababu zake

Msimamizi aliamua kusalimisha bastola badala ya kuomba leseni. Sababu yake ilikuwa ya kifamilia zaidi kuliko ya kisheria: leseni hutolewa kwa mtu mmoja, na bastola ingekuwa ya ndugu mmoja mbele ya wenzake, wakati mirathi ilitaka haki sawa. Aliamua pia karatasi zibaki pamoja kwa binti aliyezitafuta, na kila mrithi apate nakala ya picha. Mjane aliridhia yote mawili.

Ombi la tatu lilikuwa langu, kwamba polisi waandikiwe barua kuomba bastola isiteketezwe bali ifikiriwe kwa ajili ya makumbusho. Silaha zilizosalimishwa huweza kuishia motoni, na hilo lina maana yake njema: kila inayoyeyushwa haitaumiza mtu. Lakini bastola moja iliyofanywa isilipuke, ikiwa pamoja na leseni na barua yake, inaweza kumweleza mtoto wa shule habari za mkonge wa Tanga ambazo kitabu hakimwelezi.

Matokeo

Hakuna kesi iliyofunguliwa. Familia ilipewa hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha. Mgawo ulikwenda bila bastola kuhesabiwa. Mjukuu wa Marekani hakuridhika na anaamini hadi leo kwamba ndugu wa nyumbani walitupa mali. Mtoto wa pili, ambaye hadithi yake ilivunjika, ndiye aliyezichapisha picha za leseni na barua na kuzitundika ukutani nyumbani kwake. Barua kuhusu makumbusho ilipelekwa, na jibu halijaja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutoa taarifa mapema. Hofu ya ndugu ilikuwa na msingi wake, kwa kuwa mtu anayekutwa na silaha na mtu anayeripoti silaha hawatendewi sawa, na kila siku inayopita inamsogeza wa pili karibu na wa kwanza. Mwenyekiti wa kijiji kuwa shahidi kulisaidia sana. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kwa msamaha wa kusalimisha silaha, na Tanzania imewahi kutangaza vipindi vyake, lakini mrithi aliyekuta bastola Februari asisubiri Septemba.

Cha pili ni utaratibu wa kusoma: mfumo wa kufungua, kisha toleo, kisha mwaka, kisha alama za kutoka jeshini, na hadithi mwisho. Tungeanza na hadithi tungeona Tanga 1914 kwenye kila mkwaruzo. Chuma kilipotangulia, mwaka 1916 ulijibu swali kwa neno moja, na mishale miwili ikatuonyesha kwamba ilipitia mikononi mwa raia.

Msasa ulikuwa hasara kubwa. Uliondoa rangi ya asili upande mmoja na kulaza sehemu ya alama. Ungekuwa upande wa pili, mwaka usingesomeka, na tusingekuwa na cha kumwambia mtoto wa pili zaidi ya maoni. Kitu cha chuma cha zamani kiachwe na kutu yake mpaka mtu anayejua akione. Huo ni ushauri ninaoutoa hata kwa majambia na vitasa vya milango.

Picha kwenye kundi la ukoo zilileta mnunuzi wa magendo upesi mno. Picha za silaha, hasa zenye namba kusomeka, zisitumwe kwa zaidi ya mtu mmoja.

Jambo linaloniuma zaidi ni mjane. Alikuwa na jibu lote, pamoja na mahali karatasi ilipo, akiwa hatua chache kutoka barazani. Eda inamzuia mwanamke mambo fulani, lakini haimzuii kuulizwa na bintiye. Katika mirathi mingi ninayoitwa, anayejua kila kitu kilikotoka ni mke, kwa sababu ndiye aliyekipangusa vumbi miaka yote, na orodha huanza kuandikwa bila yeye. Siku hizi, kabla sijagusa kasha, naomba kwanza kuletewa maneno ya mjane.

Barua ya makumbusho ilichelewa kwa sababu warithi walibishana nani aitie sahihi, ikafika baada ya makabidhiano kukamilika. Inatakiwa iandikwe kabla, itaje namba ya silaha na karatasi zinazoambatana nayo, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa siku ileile bastola inapotoka nyumbani.